Maswali Manne Kando ya Bawa

Nilifika Malaba siku ya tano tangu tutoke Mombasa, nikiwa utingo wa lori la mafuta ya kupikia. Kazi yangu kubwa haikuwa kufunga turubai wala kuweka mawe nyuma ya magurudumu tukisimama mlimani. Ilikuwa kumwongelesha dereva. Saa nane mchana, jua kali na tumbo limejaa ugali, mtu yule alikuwa analala macho wazi. Nilizijua dalili zake: anakanda shingo, anapiga miayo mdomo umefungwa, anateremsha kioo apate upepo, kisha ukimwuliza kitu anajibu wakati umeshasahau ulichouliza. Mahali fulani baada ya Eldoret nilinyamaza kidogo tu, tukatoka barabarani na kuingia katika mahindi ya watu. Mwenye shamba akaja na jembe begani, akatuuliza kama tuko salama.

"Salama tu," dereva akasema. Damu ilikuwa inamtoka puani.

Pale Malaba foleni ya malori ya kuvuka kwenda Uganda ilikuwa haina mwisho. Nikashuka na mkoba wangu, nikamwambia atafute mtu mwingine wa kupiga naye domo.

Nilipanga chumba Chakol, kati ya Malaba na Busia, nikabeba magunia soko la Amagoro kwa miezi miwili. Ndipo nikasikia kwamba anatafutwa mtu aliyemaliza kidato cha nne na asiyeogopa kwenda juu. Miaka hiyo ya tisini gugu maji lilikuwa limefunika ziwa, wavuvi wanashindwa hata kutoa mitumbwi, na mradi mmoja ulikuwa umekodi ndege ndogo ya kulipima kutoka angani. Kazi ilikuwa kukaa kando ya rubani na ramani na daftari, kuchora gugu lilipofika. Siku ambayo ndege haikuruka haikuwa siku ya kazi wala ya malipo.

Rubani alikuwa mzee wa miaka hamsini na kitu, mpole, mwenye sauti ya chini. Kila asubuhi kwenye uwanja wa nyasi nje ya mji wa Busia, mlinzi akiwa bado anafukuza ng'ombe, alinisimamisha kando ya bawa na kuniuliza maswali manne. Umelala? Umekula? Jana ulikaa kwa mirija? Alijua jinsi Chakol tunavyouzunguka mtungi wa pombe jioni, kila mtu na mrija wake. La mwisho: una mafua?

Nilimjibu nilivyolelewa kujibu. Kwetu hata mgonjwa aliyelazwa ukimwuliza habari atakwambia ni nzuri, halafu ndipo akuonyeshe mguu uliokatwa. Kwa hiyo kila asubuhi nilisema salama, mzee, na tukapanda.

Siku moja nilikuwa na mafua mabaya na nikasema salama vilevile. Tulipanda juu sana kupiga picha, na kupanda hakukunisumbua. Tulipoanza kushuka nilihisi kama msumari unasukumwa polepole ndani ya sikio la kulia. Nilivumilia mpaka machozi yakanitoka. Yeye akaniona, akainua ndege tena, maumivu yakapungua. Akaniambia nibane pua, nifunge mdomo na kupuliza taratibu. Tulishuka kidogo, tukakaa, tukashuka tena kidogo, kama watu wanaoteremka ngazi gizani. Tulipotua, sikio lilikuwa limeziba na koo lina ladha ya damu.

Alizima injini, akanigeukia.

"Kijana," akasema, "asubuhi mimi sikusalimii. Nakuuliza."

Alinikataza kuruka mpaka nipone. Wiki nzima nililala Chakol nikisikia mlio sikioni, nikiogopa kwamba nimepoteza kazi na sikio pamoja. Niliporudi nilianza kumjibu kweli. Nimelala kidogo. Sijakula. Wakati mwingine alinirudisha kwenye chai ya mama aliyeuza mandazi karibu na uwanja, akasubiri nimalize.

Kilichonikosesha raha tangu hapo ni kwamba hakuna mtu aliyemwuliza yeye.

Ikaja Februari, wakati wa kuchoma mashamba, moshi umetanda kutoka Busibwabo hadi ziwani. Nyuma ya lojing'i alikolala mzee mjini kulikuwa na matanga. Walileta jenereta na spika kubwa, na huwezi kwenda kwa waliofiwa kuwaambia wapunguze sauti. Asubuhi moja nikamkuta kando ya bawa anakanda shingo. Alipiga miayo mdomo umefungwa. Aliniuliza maswali yake, nikajibu yote manne. Kisha nikajikaza.

"Na wewe, mzee?"

"Salama."

Nilipaswa kumwambia kwamba simsalimii. Maneno yalifika ulimini yakakaa pale. Yeye alikuwa mzee na rubani, mimi mbeba magunia mwenye daftari. Nikafunga mkanda.

Juu ya ziwa hapakuwa na upepo. Maji yalikuwa kama kioo, na kwa ule moshi hukuweza kuona maji yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Akafungua kidirisha chake. Nikamwuliza kama tugeuke kwenye ghuba. Akajibu ndiyo baada ya muda mrefu. Nikaendelea kuchora, mwili wangu ukinihakikishia kwamba tunakwenda sawasawa kabisa. Lakini kipande cha jua kilichokuwa gotini kikaanza kutambaa. Kikapanda kwenye daftari, kikavuka ukurasa. Tulikuwa tunageuka na kushuka, wala sikuhisi lolote. Nikamtazama. Macho yalikuwa wazi, yale yale ya dereva wangu.

"Mzee!"

Akashtuka. Hakutazama nje, alitazama vipimo vilivyokuwa mbele yake, akanyoosha ndege polepole. Hapo ndipo mwili wangu ukaapa kwamba sasa tunalalia upande wa pili, nikashika mlango kwa mikono miwili.

"Usiusikilize mwili," akasema. "Mimi nimeusikiliza tangu asubuhi."

"Mzee, sikusalimii. Nakuuliza. Umelala?"

Akakanda shingo.

"Leo siku ya tatu sijalala." Kisha akasema, "Niongeleshe mpaka tufike."

Nikamwongelesha. Nilimweleza habari za mizani ya malori, mahindi tuliyoyavunja, damu puani, bei ya omena, chochote, na kila sentensi ya tatu ilikuwa swali ili nisikie anajibu haraka kiasi gani. Tulitua. Siku hiyo hiyo alikwenda posta akapiga simu ofisini, akajisema mwenyewe. Wakamwita Nairobi. Sikumwona tena.

Baada ya wiki akaletwa rubani mwingine, wa rika langu, mwenye miwani ya jua.

"Habari, boss?" akasema huku tayari anapanda.

Nilibaki kando ya bawa. Nikamwuliza kama amelala.

Akacheka. "Kwani wewe ni bibi yangu?"

Niliweka ramani na daftari juu ya kiti changu, nikafunga mlango, nikamwambia aende salama. Nikapanda boda boda mpaka Chakol, nikachukua mkoba, nikarudi nao stendi ya Busia. Basi la kwanza la Kisumu likajaa, likaondoka. La pili pia. Kondakta akaniuliza kama nasafiri au nauza sura. Nilikuwa nimegeuza sikio langu zima, lile lisilo na mlio, upande wa ziwa.

Karibu saa saba nikaisikia ndege inarudi, ndogo, ndani ya moshi. Nikasubiri mpaka injini ikazimwa, ndipo nikapanda basi.