Salamu za Njia ya Chuoni

Serikali ya wanafunzi ilipobandika tangazo la kutuhimiza twende chuoni kwa miguu au kwa baiskeli, niliuliza kama aliyeliandika amewahi kutembea. Mwenyekiti akanijibu, "Basi jaribu wewe, bingwa wa maswali, utuletee majibu." Darasa likacheka. Nikakubali, ingawa nilikuwa pabaya. Mhadhiri wetu hufunga mlango saa mbili kamili, na ukichelewa mara tatu hufanyi mtihani wake. Mimi nilikuwa nimeshachelewa mara moja, siku bodaboda iliponasa kwenye tope.

Nilipanga chumba nje ya mji wa Mbinga, kwenye njia ya Litembo. Hadi chuoni ni dakika arobaini kwa miguu, kwa hiyo nikatoka saa moja na dakika kumi. Nilikuwa nimesahau watu. Katika kila shamba palikuwa na mtu ameinama akichimba ngoro, yale mashimo tunayolimia huku milimani, na kila mmoja aliinuka, akaegemea jembe. Shikamoo haikutosha. Mama hajambo? Kahawa ya kwenu ina hali gani? Huko chuoni mnafundishwa nini siku hizi? Nilikuta mlango umefungwa.

Siku ya pili nikaazima baiskeli. Niliteremka nikirusha shikamoo kushoto na kulia bila kugusa breki. Niliwahi. Jioni nikamkuta mama mwenye nyumba ananisubiri.

"Nasikia leo umepita kama gari la mgombea."

"Nimesalimia wote, mama."

"Umeusalimia upepo. Babu wa pale darajani anauliza amekukosea nini."

Nikamweleza kwamba nikichelewa tena, mtihani basi. Kisha nikauliza, kama kawaida yangu, kwa nini salamu lazima imsimamishe mtu.

"Nani kasema lazima? Wewe unatoka watu wameshaingia mashambani. Mtu akiacha jembe akainuka kwa ajili yako, nawe utasimama. Toka saa kumi na mbili na nusu, wakiwa bado njiani. Mtasalimiana huku mnatembea."

Kesho yake niliiacha baiskeli. Njia ilijaa watu wenye majembe mabegani, wengi wakielekea ninakokwenda. Babu wa darajani nilimwomba radhi, nikambebea jembe hadi shambani kwake.

"Leo mnasoma nini, mjukuu wangu?"

"Uchumi wa kilimo, babu."

"Huyo mwalimu wenu analima?"

"Sijui."

"Hujamuuliza? Nilisikia wewe unauliza kila kitu."

Nikacheka naye. Nilifika darasani saa moja na robo, mlango wazi, viti vitupu. Nikafungua madirisha, nikakaa mbele.

Sikuchelewa tena. Asubuhi ya mtihani nilitoka na wanaokwenda shamba, na kabla ya kufika mjini watu sita walikuwa wameshanitakia heri.