Samaki wa Kipande cha Nzisa

Nzisa wa huku kwetu Nuu hajui kubembeleza mtu. Akishasema neno lake, amemaliza.

Nyuma ya boma lake kuna dimbwi la mvua. Likijaa, huwa na samaki wadogo wa urefu wa kidole, madume wakiwa wekundu wenye madoa ya buluu. Likikauka, wote hufa. Sisi tulidhani wa msimu mwingine huletwa na mafuriko. Nzisa alijua vingine. Aliwahi kuziba beseni bovu la kuku kwa udongo mkavu wa pale, mvua ikalijaza, na baada ya muda akaona vitoto vya samaki humo. Mayai yalikuwa udongoni.

Kiangazi kilichopita mwethya, kikundi chetu cha kazi za pamoja, kiliamua kulichimba dimbwi ili ng'ombe wapate maji zaidi. Kila nyumba ilipimiwa kipande chake, na udongo wote ulikuwa wa kupelekwa mashambani. Nzisa akasimama kwenye chake, jembe begani.

"Hii yangu sichimbi."

"Kwani umechoka, Mama Ndolo?" akauliza Mbuvi, mwenyekiti wetu.

"Sijachoka. Mkitoa udongo yote, hawa samaki wameisha. Na wao ndio wanakulanga mbu hapa."

"Samaki gani kwa vumbi?"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Lakini sheria ya mwethya haina mzaha: asiyechimba hutoa mbuzi, na Nzisa alikuwa na mmoja tu, wa maziwa. Akamleta mwenyewe, akamkabidhi Mbuvi, akageuka upesi kwa sababu machozi yalikuwa yanamtoka. Tulimla, na mimi supu niliongezewa, sitaficha.

Mvua ya Novemba ilipojaza dimbwi, kwanza tuliona viluwiluwi vya mbu tu. Mbuvi akawa anamtania kila wakikutana.

"Ngoja," Nzisa alimjibu.

Kisha asubuhi moja tukawaona samaki, wamejaa juu ya kipande chake, wadogo kama punje za mtama. Kwingine kote hakukuwa na hata mmoja. Mbuvi alichuchumaa pale, akaanza kuwahesabu.

Jumapili, baada ya kanisa, alifika kwa Nzisa akivuta mbuzi jike mwenye mimba.

"Hii ni ya mwethya?" Nzisa akauliza.

"Ya mwethya tulikula. Hii ni yangu. Na tukichimba tena, kipande yako tutairuka."

"Na yako pia muiruke," Nzisa akasema, ndipo akapokea kamba.