Nilipomjibia Misha

Nikikaa peke yangu, mwanangu, siku inayonijia si ya harusi yangu wala ile niliyopokea cheti cha udaktari. Hunijia Ijumaa moja, kwenye korido ya uwanja wa barafu mbali sana na hapa Voi, mwalimu wangu aliponisimamisha na kuniuliza swali fupi, nami nikalijibu vile tunavyojibu nyumbani. Nataka nikueleze habari ya jibu hilo. Weka simu kando, kwa sababu sipendi kuisimulia na sitairudia.

Nilipata nafasi ya kwenda kusomea udaktari Urusi nikiwa na miaka ishirini. Barafu niliyoijua mpaka siku hiyo ni ile nyekundu ya kufyonza, tuliyokuwa tukinunua tukishuka kutoka Mbololo na mboga za kuuza. Kule nikakuta barafu ya kutembelea, na watu wazima wanaolipwa mshahara kucheza juu yake. Ni mpira wa magongo, ila mpira wenyewe haupo. Kuna kisahani kigumu cheusi kinachosukumwa kwa gongo. Wachezaji huvaa viatu vyenye visu chini, uwanja umezungushiwa ukuta wa mbao, na wanakwenda kasi kama bodaboda anayeteremka Wundanyi bila breki. Kugongana kunaruhusiwa, tena kunashangiliwa.

Misha ndiye niliyepangiwa chumba kimoja naye bwenini. Tulikuwa na umri sawa. Kwao kijijini, baba yake alikuwa akimwaga maji uani ili yakiganda mtoto apate mahali pa kuchezea, na Misha alianza hapo akiwa na miaka mitano. Alipofika kumi na minne alichukuliwa na shule ya timu ya mji, akawa anamwona mama yake mara mbili kwa mwaka. Nilipomkuta alikuwa ameshapandishwa timu kubwa, analipwa, na picha yake imebandikwa kwenye mlango wa uwanja. Hakuwa mfungaji. Kazi yake ilikuwa kusimama mbele ya goli na kugongwa ili wengine wasipite, na kazi hiyo aliipenda.

Tulianza kukosana kwa sababu ya salamu. Warusi hawajui salamu kama zetu. Ukimuuliza mtu habari zake anadhani kweli unazitaka. Asubuhi nilikuwa namuuliza Misha ameamkaje huku natafuta soksi, naye anakaa kitandani kunieleza goti, jino, na ng'ombe wa mama yake aliyekataa kukamuliwa. Nikachoka. Nikamwambia kwetu mwanaume hajibu hivyo. Kwetu ukikutana na mtu kwenye machela anateremshwa hospitali, ukimuuliza hali atasema mzima, Mungu anasaidia, halafu ndipo azirai. Misha alicheka mpaka akashika mbavu, akalichukua lile neno. Tangu hapo nikimuuliza hali ananijibu “mzima”, kwa Kiswahili, na wenzake kwenye timu wakaanza kumwiga. Mimi nilivimba kichwa, nikajiona nimewafunza kitu cha maana.

Daktari wa timu alikuwa mama wa karibu miaka sitini aitwaye Galina, ambaye pia alitufundisha chuoni. Nilipofika mwaka wa nne alinichagua nimsaidie kubeba mkoba wa dawa siku za mechi. Kwa kazi hiyo nikapewa koti la timu. Mwanangu, hujui baridi, kwa hiyo hujui koti. Nilikuwa nimeshazoea kutazamwa vibaya mitaani, lakini nikilivaa lile koti watu walinipisha kiti kwenye basi. Watoto walinifuata niwaandikie jina langu kwenye madaftari yao, mimi mtoto wa mkulima wa mahindi.

Mwezi wa pili, katika mechi ya kawaida kabisa, Misha aligongwa akapiga kichwa kwenye ukuta. Aliinuka mwenyewe, akampungia daktari mkono, akaendelea kucheza. Kesho yake alitia majani ya chai kwenye birika mara mbili. Aliniuliza leo ni siku gani, nikamwambia, akaniuliza tena. Siku ya tatu alitapika, kisha akaning'iniza blanketi dirishani kwa sababu mwanga ulimchoma macho. Na mimi nilikuwa mwanafunzi wa udaktari, si mtu wa kupita njia. Kitabu kilikuwa juu ya meza yangu na nilikuwa nimeshakisoma. Kilisema ubongo uliotikiswa lazima upumzishwe, na ukitikiswa tena kabla haujapona, mtu anaweza asirudi vile alivyokuwa.

Shida ni kwamba Jumamosi ile watu wa timu moja kubwa ya mji mkuu walikuwa wanakuja kumtazama. Misha alinishika mkono akaniomba nisiseme chochote. Alisema siku hiyo aliingoja tangu akiwa mtoto pale uani kwa baba yake, na kwamba wakimchukua atanitafutia nafasi kwa daktari wa huko. Sikumwahidi kitu, ila pia sikukataa.

Ijumaa, Daktari Galina akanisimamisha koridoni. Hakuwa na haraka. Aliweka mkoba wake sakafuni, akanitazama usoni.

“Mwakio, wewe unaishi naye. Misha yuko sawa?”

“Mzima kabisa, Daktari,” nikamwambia.

Nilisema kwa Kirusi, lakini lile jibu lilikuwa la Mbololo. Lilitoka lenyewe, kama ninavyomjibu jirani tukipishana njiani, na lilipokwisha kutoka nilikuwa bado na nafasi ya kulirudisha. Yule mama alisimama pale kitambo, pengine akitegemea niongeze neno. Sikuongeza. Akachukua mkoba wake akaenda.

Wapo watu wenye huruma walioniambia kwamba nilikuwa namlinda rafiki yangu. Si kweli. Nilikuwa nalinda koti. Nilijua Misha akizuiwa kucheza kwa sababu ya maneno yangu, wachezaji hawatanitaka tena karibu nao, na nitarudi kuwa yule mgeni anayetazamwa vibaya kwenye basi. Nimekuwa na miaka mingi ya kulitafutia jambo hili sura nzuri, na sijaipata.

Jumamosi alicheza vizuri kwa dakika kumi hivi. Halafu mtu akampiga kikumbo begani, kidogo tu, cha aina ambayo siku nyingine asingeihisi, akaanguka chali. Nilingoja ainuke. Watu wote walingoja. Wale wageni wa mji mkuu waliondoka kabla mechi haijaisha.

Alilala hospitali wiki sita. Siku ya tano Daktari aliniita nje ya wodi. Nilitegemea matusi, na nilikuwa nimejiandaa kulia na kuomba msamaha, lakini hakupandisha hata sauti.

“Mimi sikukusalimu,” akaniambia. “Nilikuuliza.”

Akarudi ndani. Alinifundisha miaka mingine miwili, akanipa alama nilizostahili, na hakuwahi tena kunisemesha jambo lolote lisilo la darasani. Angenitukana ningeshukuru. Koti nililirudisha mwenyewe bila kuombwa, na hakuna aliyeuliza kwa nini.

Hivyo ndivyo uchezaji wa Misha ulivyokwisha, akiwa na miaka ishirini na minne. Juu ya picha yake mlangoni ikabandikwa ya mwingine. Timu ilimpa kazi ya kuendesha gari la kulainisha barafu wakati wa mapumziko, na mara ya kwanza na ya pili watu walimpigia makofi. Msimu uliofuata akaanza kusahau kusimama. Barafu imeshalainika, wachezaji wanangoja, yeye bado anazunguka. Watu walicheka mwanzoni, baadaye wakaona aibu kucheka. Dada yake Nadia akaja kumrudisha kijijini.

Nadia hunipigia simu ya video mara mbili tatu kwa mwaka. Ananiita rafiki wa pekee aliyebaki. Juzi alipiga, na Misha alikuwa ameketi kando ya dirisha, mnene, nywele amechanwa vizuri. Hanitambui. Nilimuuliza ameamkaje, naye akanijibu “mzima”, neno lile lile nililomfundisha bwenini. Sasa kwa Kirusi “zima” ni majira ya baridi, na Nadia, asiyejua Kiswahili, husikia hilo. Akamfuta mdomo akamwambia taratibu, “Hapana, Misha, baridi imekwisha.” Amekuwa akimjibu hivyo miaka yote hii. Sijawahi kumwambia neno hilo alilitoa kwa nani, wala niliulizwa nini kule koridoni. Nimetibu watu hapa Voi na Mwatate mpaka nikastaafu, na bado naogopa kumwambia ukweli mwanamke mmoja aliye mbali nami hivyo. Nikikata simu huwa nakasirika, na wa kumkasirikia ni mimi mwenyewe.

Sisi tulisema mzima, nyinyi siku hizi mnasema niko fiti. Nimempokea kijana wa bodaboda aliyeanguka barabarani, damu inamtoka sikioni, ananiambia, “Daktari niko fiti, nifunge tu hapa, nimeacha customer.” Mwenzake aliyemleta anaitikia kwa kichwa, eti ni kweli, yuko fiti. Yule aliyeumia nilimwonea huruma. Aliyeitikia nilitamani kumzaba kofi, na unajua nilikuwa namwona nani.

Basi shika hili, mwanangu. Salamu ijibu kama salamu. Ukipishana na mzee njiani mwambie mzima, mwache aende zake, hakuna ubaya. Lakini mtu akisimama kwa ajili yako akakutazama na kungoja, huyo hakusalimu. Mwambie lilivyo, liwe lako au la mwenzako. La mwenzako ndilo gumu zaidi, kwa sababu yeye mwenyewe siku hiyo atakuwa anataka kitu kuliko anavyotaka uhai wake, na amekuomba kwa mikono miwili ufunge mdomo. Usifunge. Atakuita msaliti, pengine hatakusemesha tena mpaka mnazeeka. Afadhali hivyo. Ningelipa chochote Misha awe kijijini kwao leo ananichukia kwa akili zake timamu, na jina langu analikumbuka.

Mungu akulindie kichwa chako na akili zako. Akupe mtu wa kukuuliza mara ya pili, asiyeridhika na jibu la kwanza. Na siku utakapoulizwa juu ya mwenzako, akupe mdomo ambao mimi sikuwa nao. Amina.