Picha za Ukumbini kwa Shangazi Odessa

Wewe ungeishusha picha ya mama yako ukutani ili benki iipende nyumba yako? Usiwe na haraka ya kujibu. Shangazi yangu, Odessa Pruitt, aliulizwa swali hilo mezani kwake, hapa Baltimore, samaki wa kukaanga akipoa sahanini.

Mkopo wa nyumba yake ni wa riba inayobadilika, na baada ya sikukuu riba ingepanda mahali ambapo mshahara wake haufiki. Asipopata mkopo mpya wenye riba nafuu wa kulipia ule wa zamani, nyumba ya wazazi wake ingeondoka. Kilichomkwamisha ni shule. Shangazi ni mshauri wa wanafunzi. Shahada ya uzamili aliisomea kwa mkopo, na sasa jioni anasomea shahada ya uzamivu. Maadamu yuko darasani, serikali imemsimamishia malipo, halipi hata senti. Lakini benki ilichukua sehemu ya deni hilo ikaiandika kama malipo ya kila mwezi, malipo ambayo hakuna anayemdai. Ikamwambia mzigo wake ni mkubwa, itamkubalia tu nyumba ikithaminiwa bei ya juu. Mthamini angekuja kesho yake asubuhi.

Ndipo Renita, rafiki yake wa kwaya ambaye kazi yake ni kuuza nyumba, akaja na maboksi matupu.

"Dess, tushushe picha. Baba yako, mama yako, wewe na joho lako, zote. Heather, yule Mzungu wa ofisini kwetu, atakuja asubuhi amfungulie mthamini. Wewe nenda kanywe kahawa mahali."

"Kwa hiyo Heather ndiye atakuwa mimi."

"Kwa nusu saa tu."

"Na akiulizwa choo kiko wapi?"

Nilicheka. Renita hakucheka. Kila familia nyeusi mtaani kwetu inaijua desturi hii ya kuficha kwamba mwenye nyumba ni mweusi, ili mthamini asishushe bei, na yeye aliifuata.

"Shosti, dunia hii sikuiumba mimi. Nyumba yangu ilithaminiwa mara mbili. Mara ya pili nilificha kila chenye sura yetu, na bei ikapanda. Unataka heshima au unataka nyumba?"

"Nataka vyote. Vyote vyangu."

"Utaipoteza, Dess. Halafu hizo picha utazitundika wapi?"

Shangazi aliisukuma sahani kando. Aliinuka akaenda ukumbini, nasi nyuma yake. Akainyoosha picha yake ya mahafali, ilikuwa imelala upande kidogo.

"Deni la joho hili wamelihesabu, hata ambalo hawajanidai. Aliyelivaa ndiye aingie kwenye boksi? Wakihesabu deni, na mimi wanihesabu."

"Umekuwa mkaidi kama baba yako."

"Umenikumbusha jambo zuri."

Akafungua kabati, akatoa picha ya babu, baba yake, ya siku aliyoinunua nyumba, akaitundika karibu kabisa na mlango. Renita alitikisa kichwa, akayaacha maboksi kibarazani. "Hayo hapo, ukipata akili."

"Asante, nilikuwa sina pa kutia takataka."

Wapo watakaosema Renita ndiye mwenye busara. Mimi nasema mkaidi ni yule anayetaka mtu ajifiche ndani ya nyumba anayoilipia mwenyewe.

Asubuhi nilikuwa natoa pipa la taka. Shangazi alikuwa amepiga magoti, anasugua ngazi za marumaru za mlangoni kama bibi alivyokuwa akifanya. Gari likasimama. Akashuka mthamini, kijana wa Kizungu, kipimio mkononi, akamtazama, akaitazama ndoo.

"Habari za asubuhi, mama. Mwenye nyumba yupo?"

Shangazi alisimama taratibu, akausukuma mlango mpaka ukagonga ukuta, picha zote zikaonekana.

"Yupo pale, amevaa joho. Na yupo hapa mbele yako, ameshika brashi. Futa viatu, mwanangu, tuanze na ukumbi."

Akafuta viatu.