Chaneli Zilipohama Nagongera

Siku yangu ya kwanza kwenye duka la madishi mjini Busia, Fundi Mkuu hakunipa bisibisi. Aliniwekea mezani dikoda mbili za televisheni, zinafanana kama mapacha, akasema, "Binti, nje ni moja, ndani si moja. Kwanza soma toleo ya programu."

Siku hizi simu zenu hujisasisha zenyewe. Enzi zetu, stesheni ikihama masafa, yaani mahali inapopatikana kwenye setilaiti, skrini ilibaki nyeusi mpaka fundi apakue faili lenye orodha mpya ya chaneli na kuliingiza kwenye dikoda kwa flashi. Faili lisilo lake liliweza kuiua kabisa.

Baadaye tulihamishiwa tawi la Tororo, Fundi Mkuu akiwa bado msimamizi wangu. Jumapili moja asubuhi tuliitwa Nagongera kwa mama mmoja mjane. Binti yake, Athieno, alikuwa anaweka nadhiri za utawa ng'ambo, na ibada ingerushwa na chaneli moja ya kidini. Chaneli hiyo ilikuwa imehama juzi yake. Sebule ilijaa ndugu na majirani.

Nilichomeka flashi. Fundi Mkuu akafungua ukurasa wa taarifa za dikoda, akasoma, akaichomoa ile flashi.

"Hii faili si yake."

"Weka tu, fundi!" alifoka shemeji wa mjane. "Misa inaanza!"

"Nikiua hii dikoda, mama ataona mtoto yake wapi?" Akamgeukia mjane. "Mama, nakwenda senta, kule mtandao iko. Narudi saa hii."

"Enda, mwanangu. Nakungoja."

Akapanda bodaboda. Mimi nikabaki nikikaza nyaya ambazo hazikulegea, kwa wasiwasi tu. Ibada ilishaanza aliporudi, vumbi mpaka kwenye nyusi. Aliingiza faili sahihi, kisha akasimama mbele ya swichi ya ukutani asije mtu akaigusa, maana umeme ukikatika katikati ya kazi ile, dikoda haiamki tena. Mstari kwenye skrini ukajaa polepole. Dikoda ikajizima, ikajiwasha.

Masista wenye mavazi meupe walikuwa wamepiga magoti. Mjane akainuka, akagusa kioo.

"Athieno! Mbona umekonda hivi?"

Watu walicheka huku wakilia. Fundi Mkuu hakuondoka kwenye swichi mpaka baraka ya mwisho.

Nimefanya kazi chini ya mameneja kadhaa tangu hapo, wengine wema sana. Lakini kila nilipobanwa, nilimfikiria yule aliyekataa kuharakishwa na sebule nzima.

Nilipostaafu nilirudi kwetu Lumino kulima karanga. Majuzi nilipita Nagongera kumsalimu yule mama. Aliyenifungulia mlango ni sista, amekuja likizo. Nikamwita kwa jina.

"Tumeonana wapi, mama?" akaniuliza kwa mshangao.

"Nilikuwepo siku ya nadhiri zako," nikamjibu, wala sikuona kwamba nimemdanganya.