Barua ya Kijani ya Bi Brenda

Ibada ya Jumapili ilikuwa imekwisha, watu wamejaa ukumbi wa kanisa wakinywa ile kahawa yao nyepesi isiyo na ladha, na watoto waliovalishwa mabawa ya karatasi wanakimbizana chini ya meza. Zilikuwa zimebaki siku tatu Krismasi iingie. Tamta Kobalia, mwanafunzi kutoka nchi ya Georgia, si ile jimbo la Marekani, alikuwa amesimama karibu na makoti akimsubiri rafiki yake Marcy, ndipo Bibi Geneva alipomjia akiburuza miguu, akamshika mikono yote miwili.

"Pole, mwanangu," akasema yule kikongwe. "Pole sana kwa baba yako."

"Baba yangu kafanya nini?"

"Mungu kampumzisha, mama. Sote tunakuombea."

Tamta alihisi ukumbi mzima unamzunguka. Alidhani habari imefika. Alidhani mama yake amepiga simu kwa kina Marcy, alikofikia, na hawa watu wa Iowa, kwa upole wao wa kuogopa kumwambia mtu jambo usoni, wamembebesha ajuza wa miaka themanini na tisa kazi ya kumpasulia. Akatoka mbio hadi kwenye maegesho bila koti, baridi ile ya kugandisha machozi, akapiga nyumbani. Kule kwao Kutaisi ilikuwa saa mbili usiku. Simu ikaita mara saba.

"Haloo!" Sauti ilitoka kwenye mdomo uliojaa chakula.

"Baba?"

"Nani mwingine? Sema upesi, nakula."

"U mzima?"

"Uzima gani, na mama yako kaninyima chumvi! Kuna nini? Umefeli?"

Tamta akakaa kitako kwenye theluji akalia kama mtoto aliyepotea sokoni akaonekana. Baba yake, Zurab, alikuwa mwalimu wa udereva, mtu wa kilo mia na kumi, sauti ya kusikika mtaa wa pili, na mguu mmoja unaochechemea tangu alipopigwa risasi vitani zamani, kabla Tamta hajazaliwa. Alikuwa mzima kabisa. Alikuwa anakula maharagwe.

Aliporudi ndani akamwendea Bibi Geneva. "Nani amekwambia baba yangu amekufa?"

"Si imo kwenye barua?" Bibi akafungua pochi yake akatoa karatasi ya kijani iliyokunjwa mara nne.

Basi hapo ndipo pa kueleza habari ya barua hizi, maana nimekaa na watu hawa miaka mingi na sijazizoea. Kila mwisho wa mwaka, mama mwenye nyumba huketi akaandika mambo yote ya familia yake: mtoto nani kafaulu, mbwa gani kafa, mzee kabadilishiwa goti. Anachapa nakala mia na ushee, anamtumia kila mtu anayemjua, hata fundi wa meno. Tena hakuna aibu humo. Bi Brenda Hoekstra, mama yake Marcy, ndiye aliyekuwa bingwa wa mji. Barua yake watu huisubiri. Hata mimi naipata, na mwaka ule niliisoma jikoni kwangu nikafuta machozi, Mungu anisamehe.

Aya yenyewe ilisema hivi: "Mwaka huu Bwana ametuletea binti wa pili. Tamta wetu ni yatima wa vita. Baba yake alianguka akiitetea nchi yake, naye akakua akichunga mbuzi milimani, bila viatu. Mnapaswa kuuona uso wake alipoiona mashine yetu ya kuosha vyombo!" Chini kulikuwa na picha ya Tamta, macho yametoka. Picha hiyo ilipigwa chuoni siku alipoumwa na nyuki, kabla hajaikanyaga nyumba ya Bi Brenda, seuze kuiona mashine yake.

Mbuzi! Msichana huyu anaogopa mbuzi. Mama yake ni mfamasia, wanakaa ghorofa ya nne, na mashine ya kuosha vyombo wanayo, tena inavuja. Yeye mwenyewe alikuja kusomea usindikaji wa maziwa, na jioni akiosha chupa kwenye maabara ya chuo apate hela ya chakula chake, hakumwomba mtu hata kiberiti. Kwa Bi Brenda alifika kwa sababu moja tu: bweni lilifungwa tarehe kumi na nane hadi tarehe nane Januari, na Marcy, anayelala naye chumba kimoja, alimwambia, "Twende kwetu, shoga, mama atafurahi." Alifurahi, si mchezo.

Na sasa siku zile zote zikamchachia Tamta mdomoni. Watu walikuwa wamemletea vitu. Soksi, mikebe ya mahindi, sabuni. Mwanamke mmoja alimletea viatu vilivyokwishavaliwa, ndani vina alama nyeusi za vidole vya mguu, akamwambia, "Vijaribu, mpenzi, usione haya." Tamta alidhani ndio ukarimu wa wenyeji. Aliwapenda kwa hilo. Alimwandikia kila mmoja kadi ya shukrani kwa mkono wake! Akikumbuka kadi zile, na namna walivyozisoma wakatikisa vichwa kwa huruma, alitamani apite nyumba kwa nyumba azichukue tena.

Alimbana Marcy chumbani, mlango umefungwa.

"Ulijua?"

Marcy akachezea mkia wa nywele zake. "Mimi nilimwambia tu baba yako alipigwa risasi. Mama akaandika alivyoandika. Nilipoona nikamwambia, mama, huyu hakufa, alirudi. Akasema karatasi ya kijani imeshakwisha dukani."

"Lini hiyo?"

"Mwezi wa kumi na moja."

"Mwezi mzima unalala kitanda cha pili, unaniangalia, na baba yangu maiti?"

"Tamta, usikuze mambo. Ni barua tu. Hakuna anayeamini barua za Krismasi."

"Bibi Geneva ananiombea!"

"Yule humwombea hata paka."

Kwao Tamta, kumtangazia kifo mtu aliye hai si mzaha. Ni kumchuria, na hata kule kwetu nani angefurahi kusikia kafanyiwa matanga huku anakula maharagwe yake? Alishuka jikoni. Bi Brenda alikuwa anatengeneza ile saladi yake ya sikukuu, jeli ya kijani inayotikisika, ndani kakwangulia karoti, juu kapaka mayonezi. Kila mwaka huitengeneza, na kila mwaka watu huila kwa adabu. Mumewe Arlen alikuwa amekaa na gazeti.

"Bi Brenda, baba yangu hajafa. Naomba uwaandikie watu wote uliowaandikia."

"Oo, mpenzi." Bi Brenda akalamba kijiko. "Unajua stempu mia na sitini ni dola ngapi?"

"Basi uwaambie."

"Watu wameguswa, mwanangu. Kuna waliorudi kanisani kwa ajili ya ile aya. Sasa tuwavunje moyo wiki ya Krismasi?"

"Brenda," Arlen akasema bila kushusha gazeti, "mtu yuko hai."

Bi Brenda akavuta pumzi kwa pua, akatabasamu kwa meno yote. "Haya. Siku ya Krismasi ukoo wote utakuwa mezani, na Geneva nimemwalika. Nitasema mwenyewe kabla ya chakula. Umeridhika?"

Tamta akasema ameridhika. Alipokuwa anapanda ngazi alimsikia Bi Brenda akimnong'oneza mumewe, "Shukrani ya punda ni mateke." Akalimeza hilo pia, kwa kuwa ahadi alikuwa nayo.

Krismasi ikafika. Watu ishirini na mmoja wakaizunguka meza: mashangazi, wajomba, Bibi Geneva na kofia yake ya sufu, paja zima la nguruwe linang'aa kwa sukari, na ile jeli katikati. Tamta alikuwa amevaa gauni lake la bluu. Hakula asubuhi. Alitaka neno moja tu lisemwe, baba yake arudishiwe uhai wake mbele ya watu walewale, halafu ale kwa amani. Saa sita kamili Bi Brenda akasimama, akagonga glasi kwa uma. Kisha akawasha mshumaa mweupe, akausogeza hadi mbele ya sahani ya Tamta.

"Tumkumbuke Bwana," akasema, sauti imeshaanza kulowa, "na tuwakumbuke wale ambao hawawezi kuwa nasi mezani leo. Akina baba waliotangulia. Tamta, mwanangu, hauko peke yako."

Mashangazi wakavuta leso. Tamta akamtazama Bi Brenda, Bi Brenda akainamia maombi yake. Akamtazama Marcy, na Marcy akafumba macho, eti anasali! Msichana mzima, shoga yake wa chumba kimoja, anajificha nyuma ya Mungu. Sijapata kusikia uchafu kama ule kwenye meza safi kama ile. Asiyekuwepo na lake halipo, wahenga walisema, lakini wahenga hawakuwa na simu.

Tamta akatoa yake, akaiegemeza kwenye bakuli la viazi, akapiga ya video. Maombi yakakatika. Ikaita, ikaita, kisha uso mpana ukajaa kioo, kidevu mbele, fulana ya kulalia.

"Baba," Tamta akasema kwa lugha yao, "vaa koti, kuna wageni."

Zurab akapotea, akarudi na koti jeusi juu ya fulana. Tamta akasimama.

"Huyu ndiye baba yangu," akawaambia kwa Kiingereza. "Anaitwa Zurab. Anafundisha watu kuendesha gari. Hajafa na hakuwahi kufa. Hatuna mbuzi. Bi Brenda anajua, Marcy anajua, tangu mwezi wa kumi na moja."

Tamta alimwona mjomba mmoja akigeuza kichwa kumtazama Bi Brenda, akamwona Arlen akikunja kitambaa chake taratibu, akafikiri, sasa. Sasa mama huyu atakiri.

Na Bi Brenda akacheka. Alianza yeye. Alicheka hadi akashika kifua, machozi yakamtoka.

"Jamani! Kafufuka! Kafufuka siku ya Krismasi!" Akapiga makofi. "Marcy, piga picha, upesi, kabla hajaondoka! Mungu wangu, hii ni ya barua ya mwakani!"

Meza nzima ikapasuka. Mashangazi wakagongana mabega, mjomba akapunga mkono kwenye simu, Bibi Geneva akasema "Mungu mwema" mara tatu na akawa analia kweli. Marcy akanyanyua simu yake akapiga picha, mbili, tatu, mshumaa ukiwa mbele. Arlen peke yake hakucheka, akajikatia nyama.

"Wanasemaje?" Zurab akauliza kutoka kwenye viazi. Kiingereza hakijui. "Mbona wanacheka, mwanangu?"

Tamta akautazama uso wa baba yake, ile furaha ya kutazamwa na watu wengi kiasi kile, nywele kazilaza kwa maji.

"Wanasema umependeza, baba."

"Koti la harusi ya binamu yako! Watu wazuri sana hao. Na yule mama anayecheka hadi analia, mwambie Mungu ambariki kwa kukutunza."

"Nitamwambia."

"Mwambie sasa, nisikie."

Tamta akageuka, akaliambia lile tabasamu la meno yote, "Baba anasema asante." Kisha akakata simu. Aibu iliyomshika hapo haikuwa ya Bi Brenda. Ilikuwa yake, kwa kuwa, kwa kumdanganya baba yake, naye ameandika barua yake, fupi tu, ya kumfurahisha msomaji.

"Kula, mpenzi, usiwe na kinyongo," Bi Brenda akasema, akamwekea pande la jeli ya kijani, karoti zinaonekana ndani, mayonezi inateleza. Tamta akashika kijiko. Akaila yote. Bweni lilikuwa halifunguliwi hadi tarehe nane.