Fulana za Kilatini

Lusajo alisoma seminari miaka sita, akaukimbia upadre mlangoni, akaishia kuwa nesi mjini Saint Paul, Marekani. Kilatini hakikumwacha. Watanzania wenzake wakamtania wakimwita Monsinyori, naye, kwa kupenda sifa, akaitika.

Mdogo wake Ambakisye, mwalimu huko Tukuyu, alichukuliwa kwa kinyozi, kichwa kimenyolewa nusu, na wanaume wenye gari lisilo na namba. Kosa lake ni swali aliloliuliza kwenye mkutano wa hadhara. Wiki tatu dada yao Ikupa alizunguka vituo vya polisi, hospitali, hadi vyumba vya maiti. Jibu ni lile lile, watu wasiojulikana. Lusajo aliwapima wagonjwa presha simu ikiwa mfukoni, akingoja habari.

Theophil, mwenyekiti wa jumuiya ya Watanzania wa Saint Paul, akaitisha maandamano mbele ya bunge la jimbo. Na Mtanzania hakusanyiki bila sare, kwa hiyo zikaagizwa fulana arobaini. Shida ikawa maneno ya kuandika.

"Tukiandika Kiswahili, ndugu zetu nyumbani watasumbuliwa," alisema Theophil.

"Basi tuandike Kilatini," akasema Lusajo. "Sic semper tyrannis. Hivyo ndivyo wanavyoishia madhalimu, siku zote. Nani atajua?"

Akawafafanulia, na kwa mara ya kwanza tangu msiba ule uso ukamchangamka. Inasemekana Bruto aliyatamka alipomuua Kaisari, ingawa hakuna ushahidi. Jimbo la Virginia, lilipomkataa mfalme wa Uingereza, likayaweka kwenye muhuri wake: mwanamke amemkanyaga mtawala, taji limeanguka chini. Watu wakampigia makofi.

Jumamosi fulana zikavaliwa, picha zikasambaa, Lusajo yuko mbele. Kesho yake kazini akamwonyesha Dinah, Mkenya aliyekuwa akisomea mtihani wa uraia.

"Lusajo, si hayo ndiyo maneno ya yule jamaa ali-shoot Rais Lincoln?" akauliza Dinah. "Aliruka kwa stage ya theatre akiyapiga makelele. Hayo si maneno ya kuomba mtu arudishwe. Ni ya mtu ashaua."

Lusajo alilijua hilo tangu zamani. Alilisahau kwa sababu alitaka kulisahau.

Jumatatu asubuhi Ikupa akapiga simu.

"Kaka, wamekuja wanne. Wamemkalisha mama chini, wamemwonyesha picha yako. Wanamuuliza mwanawe anapanga kumuua nani."

"Lakini ni Kilatini!"

"Siku hizi simu inatafsiri kila kitu, kaka." Ikupa alikuwa analia. "Ijumaa askari mmoja aliniambia Ambakisye yu hai, atatolewa wiki hii. Nilinyamaza nikisema nitakuambia akishafika. Leo askari huyo hapokei simu yangu."

Lusajo akaketi sakafuni, pale pale korido ya hospitali, wagonjwa wakimpita. Akatamani amlaumu Theophil, amlaumu yeyote, akakuta ni yeye tu.

Kisha mama akaichukua simu. Hakufoka. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba maelekezo ya njia.

"Mwanangu, wamesema jioni watarudi, niwaeleze uliandika nini kifuani. Mimi sikusoma. Niambie taratibu nikariri, nisije nikakosea wakamuua mdogo wako."